Kulipa, kuiba au kuwa huru: Uamuzi unaozikabili kompyuta za Minago

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama, miaka kumi baada ya kuizindua. Siku ile hakuna mashine iliyozimika. Aliyekuwa akichapa barua ya maombi ya kazi aliendelea kuchapa, na aliyekuwa akitoa fotokopi za kitambulisho aliendelea kutoa. Lakini tangu hapo, tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo huo linabaki wazi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza uliowekwa kwa muda.

Mtu wa Minago anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Minago ni mji mdogo wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya RN3 inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge, na maisha yake yanajulikana: ndagala, mukeke, mihogo na mawese. Hata hivyo, siku hizi ni vigumu kuishi bila kuigusa kompyuta. Mwanafunzi anachapiwa ripoti, mfanyabiashara anaandikiwa ankara, kituo cha afya kinatuma takwimu zake, chama kinaandika muhtasari wa mkutano. Mashine ya karibu ikiharibika, kazi inabidi ipelekwe Rumonge au Bujumbura, na nauli ya safari hiyo hupanda kila mafuta ya gari yanapoadimika.

Kwa hiyo suala la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziendesha programu nyingine zote, haliwezi kuachiwa wataalamu peke yao. Linamgusa mwenye papeteri (duka la kuchapa na kutoa fotokopi), mkuu wa shule na mhasibu wa ushirika. Anunue mfumo wa kibiashara kama Windows, au achukue mfumo huria wa bure kama Ubuntu, Debian au Linux Mint?

NJIA YA TATU ISIYOTAJWA

Kwanza tuseme ukweli. Swali hilo huulizwa kana kwamba njia ni mbili, lakini katika miji yetu ya ziwani njia iliyozoeleka ni ya tatu. Mteja anamletea fundi mashine iliyokuwa nzito na kumwambia, "Fundi, nipigie Windows." Fundi anachomeka flashi, anafuta diski, anaweka mfumo mpya, kisha anaendesha kijiprogramu cha kuvunja leseni. Baada ya muda mteja anatoa faranga zake na kuondoka akiamini amepata Windows ya bure.

Cha bure hakukipata. Vijiprogramu vya kuvunja leseni mara nyingi humtaka fundi azime kingavirusi kabla ya kazi kuanza. Aliyeviandika hajulikani, na alichokificha ndani yake hakijulikani pia. Wengi huzima hata masasisho, ama kwa kuogopa leseni bandia isigundulike, ama kwa kuogopa mega zisiishe. Mwezi Mei 2017 dunia iliona matokeo ya kutosasisha: programu haribifu ya WannaCry iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, ikafunga faili za watu, ikadai fidia na kuvuruga kazi za hospitali za Uingereza. Tundu lililopitiwa lilikuwa limeshatolewa kiraka na Microsoft mwezi Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao kiraka hicho hakikuwafikia.

Huhitaji kwenda Uingereza kuona mfano. Chomeka flashi kwenye mashine ya papeteri yenye virusi, kisha irudishe nyumbani. Mafolda yako yote yamegeuka shotikati. Ukibofya, ama hakuna kinachofunguka, ama kirusi kinaingia kwenye mashine ya pili. Mafaili yenyewe hayajapotea, yamefichwa tu, lakini mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha asubuhi hajui hilo. Anafomati flashi na kuanza upya, kazi ya wiki nzima ikiwa imeteketea.

Halafu kuna sheria. Burundi inayo sheria ya kulinda haki za watunzi ya tarehe 30 Desemba 2005, na programu ya kompyuta ni kazi ya mtunzi kama kilivyo kitabu. Shule inayowafundisha watoto uaminifu haifai kuwafundishia juu ya mashine iliyopigwa mfumo wa wizi. Ninalisema hili bila kuwalaumu mafundi wetu. Wamefanya walichoombwa na wateja, kwa vifaa walivyonavyo. Lakini njia ya tatu imetubebesha hasara za pande zote mbili: hatuna usalama anaoupata mnunuzi, wala hatuna uhuru anaoupata mtumiaji wa programu huria. Wahenga walishasema, rahisi ni ghali.

MTUMBA NA MASHARTI YA WINDOWS 11

Anayesema "basi tuhamie Windows 11" ana haki ya kulisema hilo, lakini kwanza aitazame mashine yake. Tangu Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, Microsoft inataka kompyuta iwe na RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yake. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017.

Sasa soma jina kamili la prosesa ya kompyuta ya mtumba. Ikiwa imeandikwa i5-6300U, ile 6 inayofuata kistari ndiyo kizazi: cha sita. i5-7300U ni cha saba. Laptopu za aina hiyo, ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, ndizo ambazo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzimudu. Ni mashine imara, zenye kibodi nzuri na vipuri vinavyopatikana, na nyingi zina miaka ya kazi mbele yake. Kwa Windows 11 zimekataliwa. Fundi mjanja anaweza kuilazimisha iingie, lakini Microsoft yenyewe imeonya kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kuhakikishiwa masasisho.

Bei nayo ni mzigo. Windows 11 Home huuzwa na Microsoft kwa dola 139 za Marekani, na hapo hujanunua programu za ofisi. Kwa bei rasmi ya benki hizo ni zaidi ya faranga 400,000 za Burundi. Na dola hazipatikani kirahisi kwa bei hiyo. Anayezitafuta mtaani hulipa faranga nyingi zaidi. Atakayezipata bado atahitaji kadi inayokubalika kulipia ng'ambo. Kwa mwenye papeteri anayeuza ukurasa mmoja mmoja, hesabu hiyo haifungi.

Lipo jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi. Tangu enzi za Windows 8 mwaka 2012, laptopu nyingi zilizouzwa na Windows zimehifadhi namba ya leseni yake ndani ya ubao mama. Ukiiwekea upya toleo lilelile, mara nyingi mfumo unajitambua wenyewe punde unapopata intaneti. Maana yake, mara kwa mara fundi amevunja leseni kwenye mashine ambayo tayari ilikuwa na leseni halali ya mmiliki wa kwanza. Kabla ya kulipa senti moja, na kabla ya kuvunja chochote, muulize fundi wako aangalie.

UHURU UNAANZIA WAPI

Upande wa pili una historia yake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akiwa na nia ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikitengeneza. Kiini hicho ni Linux. Vitu hivyo viwili vilipokutana ukazaliwa mfumo kamili. Debian ilianza mwaka 1993. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, na kwa miaka kadhaa kampuni yake ya Canonical ilimtumia kwa posta, bila malipo, CD ya mfumo huo yeyote aliyeiomba. Linux Mint ilifuata mwaka 2006, ikiwalenga watu waliozoea sura ya Windows.

Mvuvi wa Minago hawezi kununua wavu wenye sharti kwamba ukichanika lazima aurudishe kiwandani. Anaushona mwenyewe ufukweni, au anampa mwenzake anayejua kushona. Leseni ya programu huria inatoa haki ya namna hiyo. Bei kuwa sifuri ni matokeo ya haki hiyo. Faili moja likishashushwa Bujumbura kwenye mtandao mzuri, fundi mmoja anaweza kuliweka kwenye mashine mia bila kumwibia mtu, na anaruhusiwa kulipwa kwa kazi yake.

Anayedhani Linux ni kitu kigeni atazame simu yake. Android, mfumo wa Tecno, itel na Samsung zilizojaa sokoni, umejengwa juu ya kiini hichohicho cha Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zimekuwa zikiendeshwa na Linux. Katika sekta ya afya, Burundi imekuwa ikikusanya takwimu kwa DHIS2, programu huria iliyotokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini miaka ya 1990 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo; na hospitali kadhaa nchini zimeendesha shughuli zake kwa OpenClinic GA, nayo ni huria. Na Kiswahili chetu hakikuachwa nyuma: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mrithi wake, LibreOffice, bado ana Kiswahili, na Kifaransa kinachotumika katika shule na ofisi za Burundi kimo pia.

PALE AMBAPO WINDOWS INASTAHILI KULIPIWA

Itakuwa kosa kumwambia kila mtu ahame. Mhasibu anayetumia programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows pekee hana sababu ya kuteseka. Mchora ramani za majengo anayetegemea AutoCAD, au mbunifu wa mabango aliyejengeka kwenye programu za Adobe, hatazipata kwenye Linux. Zipo mbadala, kama GIMP na Inkscape, lakini mazoea ya mkono hayahami kwa siku moja, na mteja hasubiri. Baadhi ya printa za leza za bei nafuu hugoma kwa sababu mtengenezaji hakuandika programu ya kuziendesha kwenye Linux. Faili la Excel lenye hesabu tata na makro linaweza kufunguka vibaya kwenye LibreOffice.

Wala programu huria si kinga ya kila baya. Mwezi Machi 2024 iligundulika kwamba mtu asiyejulikana alikuwa amepenyeza mlango wa siri katika xz, programu ndogo inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Alikuwa amejipenyeza kwa miaka kwa kujifanya msaidizi wa mtunzaji mmoja aliyeelemewa na kazi. Mhandisi Andres Freund aliufichua kabla haujaenea, na uwazi wa msimbo ulimsaidia kuuchunguza. Tukio hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja: uwazi unasaidia, na kazi ya kujitolea inahitaji watu wa kuishika mkono.

Kwa hiyo mwenye kazi isiyowezekana bila Windows anunue Windows, ailipie, aisasishe, na gharama hiyo aiingize kwenye bei ya huduma yake. Huo ni uamuzi wa heshima.

SOMO LA MAJIRANI WA MBALI

Askari wa Gendarmerie ya Ufaransa walihama kutoka Windows, na namna walivyohama ndiyo yenye funzo. Hawakuanza na mfumo. Mwaka 2005 waliweka OpenOffice juu ya Windows ileile. Mwaka 2006 wakaongeza Firefox na Thunderbird. Watu walipozoea programu, mwaka 2008 wakaanza kubadilisha mfumo wenyewe kuwa Ubuntu, na leo zaidi ya kompyuta 100,000 za jeshi hilo zinatumia toleo lao liitwalo GendBuntu. Askari aliyekuwa tayari anaandika ripoti kwa OpenOffice hakuona tofauti kubwa mezani pake.

Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux na likatumia karibu miaka kumi kuhama. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura ya kurudi Windows. Malalamiko ya watumishi kuhusu mafaili yasiyofunguka vizuri, mgawanyiko wa idara za kompyuta na mabadiliko ya kisiasa vyote vilichangia. Teknolojia yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Kilichoyumba ni usimamizi na utashi.

Minago haina jeshi la mafundi wala bajeti ya Munich, lakini funzo linaingia palepale: anza na programu, zoesha watu, kisha badilisha mfumo. Mwenye papeteri anaweza kuweka LibreOffice, Firefox na VLC kwenye Windows aliyo nayo leo. Baada ya miezi michache atajua mwenyewe kama kuna kitu anachokikosa.

KUJARIBU KWA FLASHI MOJA

Kuujaribu mfumo huria hakuhitaji kufuta kitu. Unahitaji flashi ya GB 8 ambayo haina faili unalolitaka, kwa sababu itafutwa yote. Faili la Linux Mint lina uzito wa GB 3 hivi. Lishushe Bujumbura au Rumonge palipo na intaneti nzuri, au lichukue kwa mwenzako. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Chomeka flashi kwenye mashine iliyozimwa, iwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell au Lenovo nyingi, F9 kwa HP, na uchague flashi kwenye orodha itakayotokea.

Baada ya dakika chache utaona meza kamili ya kazi: kitufe cha menyu pembeni kushoto chini, mafolda, Firefox, LibreOffice. Diski ya mashine haijaguswa. Hapo ndipo pa kufanya ukaguzi wa kweli. Kwanza badilisha kibodi iwe ya Kifaransa, maana kibodi nyingi za kwetu ni AZERTY, na usipofanya hivyo ukibonyeza A utapata Q. Kisha jaribu waifai. Sikiliza sauti. Unganisha printa na utoe ukurasa mmoja. Fungua barua tatu au nne za Word ulizo nazo, zile zenye majedwali na mihuri, uone kama mistari imekaa mahali pake. Mwisho chomeka ile flashi yenye mafolda yaliyogeuka shotikati: mafolda halisi yatakuwa yanaonekana, kwa kuwa Linux haijali alama ile ya kuficha iliyowekwa na kirusi cha Windows. Nakili vilivyo vyako, na kazi ya wiki imeokoka.

Kikikataa kitu kimoja kati ya hivyo, andika ni kipi na umwonyeshe fundi kabla ya kuamua. Vikikubali vyote, hifadhi nakala ya mafaili yako mahali pengine, kisha weka mfumo. Mint inaomba RAM ya GB 2 tu kwa uchache, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, na diski ya GB 20. Mashine yenye RAM kidogo ichukue toleo la Xfce, ambalo ni jepesi. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029.

Kwa shule, faida ni kubwa zaidi. Mashine moja ikipangwa kuwa ghala la masasisho, inayashusha mara moja na nyingine zote zinayachukua kwake bila kutumia mega. Kiwix inaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili au ya Kifaransa kwenye diski, isomwe bila intaneti kabisa. GCompris ina michezo ya kuwafundisha watoto hesabu na kusoma. Vyote hivyo ni huria, na mwanafunzi anaruhusiwa kuvinakili akaenda navyo nyumbani.

FUNDI NDIYE MFUMO

Hata hivyo mfumo bora duniani hautasaidia kitu Minago ikiwa anayeujua anaishi Bujumbura. Windows imetawala si kwa ubora wake tu, bali kwa sababu kila mtaa una kijana anayeijua. Ikiharibika saa nne, saa sita imepona. Linux itakapokuwa na kijana wa namna hiyo Minago, Magara na Rumonge mjini, hofu ya watu itaisha.

Hapo ndipo fedha inapotakiwa kwenda. Shule yenye kompyuta kumi ikinunua Windows kumi inapeleka dola 1,390 nje ya nchi, na shuleni hakuna mtu aliyeongeza ujuzi. Sehemu ndogo ya fedha hiyo inatosha kumlipa kijana wa hapahapa, aliyesoma na anayetafuta kazi, ajifunze Linux mpaka aimudu, aziweke mashine zote kumi na kuzitunza mwaka mzima. Mwaka unaofuata ujuzi wake bado upo, na anautumia kwa papeteri, kwa kituo cha afya na kwa ushirika wa mawese.

Ushauri wangu ni huu. Mwenye programu inayodai Windows ailipie na kuisasisha. Shule na papeteri, ambazo kazi yake kubwa ni kuchapa, kusoma na kutafuta habari, zihamie mfumo huria kwa hatua, mashine moja baada ya nyingine. Wazazi, wakuu wa shule na viongozi wa tarafa wakubaliane kugharamia mafunzo ya fundi mmoja au wawili. Na mafundi wetu, kabla ya kukubali kumvunjia mteja leseni, wamweleze kwamba kuna njia mbili halali na kila moja ina gharama gani. Mteja akielezwa vizuri atachagua vizuri, na fundi atalipwa kwa anachokijua.